Kidhibiti Joto cha Bia ya Nyumbani: Mwongozo Kamili wa Kukiunda, Kukijaribu na Kukitumia

Chukua kimea kilekile, hopi zilezile na hamira ileile, ugawe katika ndoo mbili. Moja iache ichachuke kwa digrii 19 za Sentigredi, nyingine kwa digrii 27. Utapata bia mbili zisizofanana kabisa. Ya kwanza itakuwa safi, yenye harufu ya matunda kwa mbali. Ya pili itachoma koo na kunukia thina, kwa sababu hamira ya ale (Saccharomyces cerevisiae) ikizidiwa na joto hutengeneza alkoholi nzito na esta (viungo vya harufu ya matunda) nyingi, na alkoholi hizo haziondoki hata bia ikikaa miezi chupani. Hamira ya lager (Saccharomyces pastorianus) ina masharti makali zaidi: inataka digrii 8 hadi 13, tena bila kuyumba, kwa wiki kadhaa.

Hali ya hewa ni sehemu tu ya tatizo, maana bia hujipasha yenyewe. Kila kilo ya sukari inayogeuzwa kuwa alkoholi na gesi hutoa zaidi ya kilojuli 500 za joto. Ndoo ya lita 20 ya bia ya nguvu ya wastani huwa na takriban kilo 2 za sukari inayochachuka, yaani zaidi ya kilojuli 1,000, wakati lita 20 za maji huhitaji kilojuli 84 tu kupanda digrii moja. Joto hilo lote lingebaki ndani, bia ingepanda zaidi ya digrii 10. Sehemu kubwa hupotea kupitia kuta za ndoo, lakini siku hamira inapofanya kazi kwa nguvu si ajabu kukuta bia imezidi joto la chumba kwa digrii kadhaa. Mtu anayeangalia kipimajoto cha ukutani anasoma 20 na kuridhika, kumbe ndani ya ndoo ni 24.

Kwa hiyo kifaa tunachokiunda hapa kinatakiwa kuisikiliza bia. Hewa ya friji na hewa ya chumba ni mambo ya pembeni. Mengi ya maamuzi yaliyomo katika mwongozo huu, kuanzia mahali pa kubandika kihisi hadi idadi ya dakika za kuipumzisha kompresa (mota inayoipoza friji), yanatokana na hilo.

Kinavyofanya kazi

Kihisi kidogo kinapima joto na kulipeleka kwenye kidhibiti. Kidhibiti kinalinganisha kipimo hicho na joto ulilochagua. Bia ikizidi, relei moja (swichi inayoendeshwa na kidhibiti) inafunga na soketi ya friji inapata umeme. Bia ikipoa kupita kiasi, relei ya pili inafunga na soketi ya kipashajoto inapata umeme. Joto likiwa sawa, soketi zote mbili zimekufa. Hakuna zaidi ya hapo.

Nitatumia kidhibiti cha aina ya STC-1000, ambacho kinatengenezwa na viwanda vingi na kutumiwa na wapika bia wengi. Kina relei mbili, kila moja ya ampea 10, kinasoma kuanzia digrii -50 hadi 99, na kihisi chake ni cha aina ya NTC ya kilo-omu 10, yaani ukinzani wake hupungua joto likipanda. Relei zake ni swichi tupu: hazitoi umeme, zinaunganisha na kukata tu umeme unaouleta wewe. Wengi hukosea hapo. Wanaunga soketi moja kwa moja kwenye vituo (skrubu za kuungia nyaya) vya relei, kisha wanashangaa friji haiwaki.

Ampea 10 za relei ni kwa mzigo mtulivu kama kipashajoto. Mota ya kompresa inapoanza huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida, kwa nusu sekunde hivi. Friji ya nyumbani inayotumia wati 100 hadi 150 inabebwa bila shida. Friza kubwa ya dukani ni jambo jingine, na hiyo usiiweke kwenye relei hizi bila kontakta (swichi kubwa ya sumaku) ya nje.

Kabla hujashika waya

Kazi hii inahusu umeme wa ukutani, karibu na maji na sakafu yenye unyevu. Umeme huo unaua. Kama hujawahi kufunga hata plagi, fanya kazi yote ya boksi na mpangilio mwenyewe, lakini mwachie fundi umeme aunge nyaya au azikague kabla ya kuchomeka. Hiyo si aibu.

Mambo ambayo sitayalegeza: unafanya kazi plagi ikiwa imechomolewa na unaiona kwa macho, si swichi iliyozimwa ukutani. Waya wa arthi, ule wa usalama unaopeleka umeme ardhini, unaungwa kila mahali unapotakiwa. Na soketi ya ukutani utakayotumia iwe nyuma ya kinga ya uvujaji wa umeme inayokata kwa miliampea 30. Kinga hiyo hukata umeme pale mkondo unapopitia mahali pasipo pake, pamoja na mwilini mwako. Fyuzi haikufanyii hivyo. Fyuzi hulinda nyaya zisiungue.

Vifaa

Cha kwanza ni kidhibiti chenyewe. Soma volti zilizoandikwa kwenye mwili wake kabla ya kununua, kwa sababu vipo vya volti 220 hadi 240, vya volti 110 hadi 120, na vingine vya volti 12 au 24 ambavyo kwa nje havina tofauti. Ukikiunga cha volti 110 kwenye umeme wa 230, kinaungua papo hapo.

Boksi liwe la plastiki ngumu isiyoshika moto kirahisi. Uso wa kidhibiti ni milimita 75 kwa 34.5, lakini mwili wake unaingia ndani kama milimita 85, na nyuma yake nyaya nazo zinahitaji nafasi ya kupinda. Boksi lenye kina cha chini ya milimita 120 litakutesa. Chukua kubwa kuliko unavyodhani unahitaji.

Utahitaji pia soketi mbili za kufunga kwenye boksi, kebo ya nyaya tatu yenye plagi (milimita za mraba 1.5 kwa kila waya inatosha kabisa), kishikilia fyuzi cha kufunga kwenye boksi pamoja na fyuzi yake, konekta za kuungia nyaya, vibana kebo viwili vya kupitishia waya ukutani mwa boksi, na vipande vya waya wa milimita 1.5 katika rangi tatu. Rangi za kimataifa ni kahawia kwa laivu (waya unaoleta umeme), bluu kwa nyutro (unaourudisha), kijani chenye mistari ya njano kwa arthi. Marekani hutumia nyeusi kwa laivu, nyeupe kwa nyutro na kijani kwa arthi. Fuata za nchi yako na usizichanganye, kwa sababu mtu atakayefungua boksi hilo miaka mitano ijayo ataziamini rangi.

Kuhusu fyuzi: kwenye umeme wa volti 230, friji ya wati 150 huvuta chini ya ampea 1 ikishaanza, na kipashajoto cha wati 40 huvuta chini ya ampea 0.2. Fyuzi ya ampea 5 ya aina inayochelewa kukatika inastahimili mruko wa kuanza kwa kompresa na bado inailinda kebo. Kwenye volti 110 hadi 120 mikondo ni mara mbili, kwa hiyo weka ya ampea 10.

Zana ni za kawaida: bisibisi za aina zote mbili, kikata waya, kimenya waya, koleo, drili, tupa bapa na multimita. Multimita hiyo si ya hiari. Ukiwa na vibana ncha vya kuvika nyaya zenye nyuzi nyingi, vitumie. Unyuzi mmoja uliochomoza nje ya skrubu unatosha kuleta shoti.

Hatua ya 1: Kukata boksi

Panga kila kitu juu ya meza kwanza, kidhibiti mbele, soketi juu au ubavuni, kebo na fyuzi nyuma. Hakikisha soketi zikiwa na plagi hazizibi skrini. Tundu la kidhibiti ni milimita 71 kwa 29. Lichore kwa penseli, toboa pembe nne kwa drili, kata kati ya matundu, kisha malizia kwa tupa. Kata ndani ya mstari na uongeze kidogo kidogo ukijaribisha, maana tundu likizidi kwa milimita 3 vile vishikio vya pembeni havishiki tena.

Toboa matundu ya soketi, fyuzi na vibana kebo. Pulizia vumbi lote la plastiki nje kabla ya kufunga chochote. Kihisi kipewe tundu lake mbali na lile la kebo ya umeme.

Andika majina juu ya soketi sasa hivi, kwa wino usiofutika: BARIDI na JOTO. Ukizichomeka kinyume, bia ikipata joto kidhibiti kitawasha kipashajoto, bia itazidi kupata joto, na kitaendelea kuwasha. Kundi zima la hamira linaweza kufa kwa kosa la lebo.

Hatua ya 2: Kuunga nyaya

Nyuma ya kidhibiti kuna vituo vinane. Kwa kawaida 1 na 2 ni umeme wa kidhibiti chenyewe, 3 na 4 ni kihisi, 5 na 6 ni relei ya joto, 7 na 8 ni relei ya baridi. Soma mchoro uliobandikwa kwenye mwili wa kifaa chako, na ukitofautiana na maelezo haya ufuate mchoro.

Pitisha kebo ya umeme kwenye kibana chake na uache sentimita 20 ndani. Kaza kibana mpaka kebo isisogee hata ukiivuta kwa nguvu. Waya wa arthi uache mrefu kuliko wenzake ndani ya boksi, ili kebo ikivutwa kwa bahati mbaya arthi iwe ya mwisho kung'oka.

Laivu inaingia kwanza kwenye fyuzi. Kutoka kwenye fyuzi inakwenda kwenye konekta, na hapo inagawanyika matawi matatu: moja kwenda kituo cha 1, moja kwenda cha 5, moja kwenda cha 7. Sasa relei zina umeme wa kupitisha. Kutoka kituo cha 6, waya wa laivu unakwenda kwenye tundu la laivu la soketi ya JOTO. Kutoka cha 8 unakwenda kwenye laivu ya soketi ya BARIDI.

Nyutro haipiti kwenye fyuzi wala relei. Inaingia konekta yake na kugawanyika: kituo cha 2, soketi ya kwanza, soketi ya pili. Arthi nayo inagawanyika kwenda soketi zote mbili, na kama boksi ni la chuma au lina paneli ya chuma, lazima iungwe na chuma hicho kwa skrubu yake pekee. Kidhibiti chenyewe hakina kituo cha arthi.

Kama soketi yako ni ya jozi, mbili katika kipande kimoja, angalia kipande cha shaba kinachounganisha laivu zake. Kisipokatwa, friji na kipashajoto vitawaka pamoja daima. Kata upande wa laivu tu, nyutro iache. Na kama jozi hiyo haina kipande cha kukata, nunua soketi mbili zilizo tofauti.

Kihisi kinaingia 3 na 4 kwa mpangilio wowote, hakina chanya wala hasi. Waya wake ukiwa mfupi unaweza kuuongeza kwa waya mwembamba wa nyuzi mbili. Ukinzani wa mita chache za shaba ni mdogo mno ukilinganisha na kilo-omu 10, hautabadilisha kipimo. Uungo wake tu uwe mkavu na umefunikwa vizuri.

Vuta kila waya kwa mkono baada ya kukaza skrubu. Ukitoka, uliungwa vibaya.

Hatua ya 3: Kupima bila umeme

Weka multimita kwenye kipimo cha mwendelezo, kile kinacholia ncha mbili zikiwa zimeungana. Mguu wa arthi wa plagi na tundu la arthi la kila soketi: ilie. Mguu wa nyutro na tundu la nyutro la kila soketi: ilie. Mguu wa laivu na tundu la laivu la soketi: iwe kimya, kwa kuwa relei zimefunguka. Laivu na arthi: kimya kabisa. Nyutro na arthi: kimya kabisa.

Kati ya laivu na nyutro multimita inaweza kuonyesha omu mamia au maelfu, kwa sababu kuna transfoma ndogo ndani ya kidhibiti. Hilo ni sawa. Ikionyesha karibu sifuri kuna shoti, na boksi halifungwi wala kuchomekwa mpaka uipate.

Kihisi nacho kipime kabla ya kukiamini: kwenye digrii 25 kitasoma karibu kilo-omu 10, na ndani ya barafu inayoyeyuka kitapanda kufikia karibu 30. Kikisoma sifuri au kisiposoma kitu, kimekufa.

Hatua ya 4: Kuwasha kwa mara ya kwanza

Funga boksi. Usijaribu likiwa wazi. Chomeka taa ya kawaida kwenye kila soketi, si friji, kisha chomeka plagi ukutani. Skrini ionyeshe joto la chumba.

Weka joto la lengo digrii 5 juu ya lile linalosomeka. Taa ya JOTO iwake. Shika kihisi kiganjani mpaka kipite lengo, taa izime. Sasa shusha lengo digrii 5 chini ya joto la chumba. Taa ya BARIDI itachelewa kuwaka, kwa sababu kidhibiti kinahesabu dakika za kuilinda kompresa, na alama ya baridi kwenye skrini itamemeta. Ngoja. Watu wengi hudhani kifaa kibovu hapa na kuanza kufungua boksi lenye umeme.

Kumbuka pia kwamba kuna plagi zinazoingia ukutani pande zote mbili. Kwa hizo, laivu na nyutro zinaweza kubadilishana, na relei ikawa inakata nyutro huku soketi "iliyozimwa" ikiwa bado na umeme. Kwa hiyo kila unapogusa kipashajoto au waya wowote, chomoa plagi ya ukutani.

Hatua ya 5: Namba nne za kuweka

Bonyeza S kwa sekunde 3 mpaka F1 itokee. Mishale inakupeleka kati ya F1 na F4. Ukiwa umeshikilia S, mishale hubadilisha thamani. Bonyeza kitufe cha kuwashia ili kuhifadhi. Ukikaa bila kuhifadhi, mabadiliko yanapotea.

F1 ni joto la lengo.

F2 ni pengo. Kwa lengo la 19 na pengo la 0.5, friji itawaka bia ikifika 19.5 na kuzima ikirudi 19. Kipashajoto kitawaka kwa 18.5 na kuzima kwa 19. Pengo dogo linavutia macho, ila linaichosha kompresa na kuzifanya relei zifunge na kufunguka kutwa. Bia haijali nusu digrii. Kihisi kikiwa kimebandikwa kwenye ndoo, 0.5 inatosha, friji ikiwa na nguvu sana kuliko mzigo, weka 1.

F3 ni dakika za kuipumzisha kompresa, kati ya 1 na 10. Kompresa ikizimwa, gesi upande mmoja bado ina shinikizo kubwa kuliko upande wa pili, na mota ikilazimishwa kuanza wakati huo hukwama, huvuta mkondo mkubwa na kupata moto. Dakika chache zinatosha shinikizo kusawazika. Kiwandani huwekwa 3. Mimi naweka 5, na kwa friji ya zamani naweka 8. Bia haipotezi chochote kwa kungoja, kwa sababu lita 20 hazipandi joto kwa kasi hiyo.

F4 ni masahihisho ya kihisi. Jaza glasi barafu iliyopondwa, ongeza maji baridi hadi kuziba mianya, koroga, ngoja dakika kadhaa, tumbukiza ncha ya kihisi katikati bila kugusa kuta. Inatakiwa isome 0. Ikisoma 0.8, weka -0.8. Fanya hivi mwanzo wa kila msimu wa kupika, maana unyevu ukiingia kwenye ncha ya kihisi vipimo huhama polepole bila kukuambia.

Kihisi kikae wapi

Hapa ndipo bia nzuri inapopatikana au kukosekana.

Kihisi kikining'inia hewani ndani ya friji, kinapima kitu kinachobadilika haraka. Mlango ukifunguliwa, hewa inapata joto na kompresa inawaka ingawa bia haijabadilika. Ukifungwa, hewa inapoa kwa dakika mbili na kompresa inazima, ingawa katikati ya ndoo bado ni digrii 4 juu ya lengo. Skrini itakuonyesha 19 safi, na bia itakuwa inachachuka kwa 23.

Kihisi kikizamishwa katikati kabisa ya bia, ndani ya mrija wa chuma cha pua, kinasoma ukweli, lakini kinausoma kwa kuchelewa. Mpaka katikati ipoe digrii moja, kuta za friji na hewa yake zimeshafika karibu na barafu, na ubaridi huo utaendelea kuingia kwenye bia hata baada ya kompresa kuzima. Bia inateremka chini ya lengo, kipashajoto kinawaka, na vifaa viwili vinaanza kushindana.

Njia ninayoipendekeza kwa karibu kila mtu ni ya katikati: bandika kihisi ubavuni mwa ndoo kwa nje, chini ya usawa wa bia, karibu na katikati ya kimo chake. Kifunike kwa kipande cha sponji nene au povu la kufungashia la ukubwa wa kiganja, kisha zungushia tepu au mkanda. Ukuta wa ndoo hupitisha joto la bia, sponji huzuia hewa ya friji. Kipimo kitakaribia sana joto la ndani, na kihisi hakigusi bia, kwa hiyo hakuna cha kuua vijidudu. Usikibandike juu ya mkanda wa kupashia wala karibu nao.

Friji na kipashajoto

Friji ya zamani yenye kitufe cha kuzungusha inafaa kuliko ya kisasa yenye skrini. Sababu ni kwamba kidhibiti kinaiwasha na kuizima kwa kukata umeme, na baadhi ya friji za kielektroniki umeme ukirudi hukaa zimezima mpaka mtu abonyeze kitufe. Jaribu kabla: izime ukutani, ngoja dakika 10, washa. Ikiendelea yenyewe, inafaa. Friji za inveta zenye mota inayobadili kasi hazikuundwa kwa matumizi haya.

Watu husema kitufe cha ndani ya friji kiwekwe baridi kali kabisa. Nashauri kiwekwe katikati, mahali ambapo friji ikiachwa yenyewe ingefika digrii 2 hadi 4. Relei zikizeeka huweza kugandana zikiwa zimefunga, na siku hiyo ikitokea, kitufe cha friji chenyewe ndicho kitakachoizuia bia isigande.

Usitoboe ukuta wa friji kupitisha waya. Ndani mna mabomba ya gesi usiyoyaona, na friji nyingi za siku hizi hutumia isobutani (R600a), gesi inayowaka. Waya wa kihisi ni mwembamba, unapita kati ya mpira na fremu ya mlango bila kuvujisha baridi ya maana. Kwa sababu hiyohiyo ya gesi, kipashajoto kisiwe na waya unaowaka mwekundu.

Kipashajoto kizuri ni mkanda au zulia dogo la wati 25 hadi 40. Wati 40 hupandisha lita 20 digrii moja kwa kama dakika 35, kama hakuna joto linalopotea. Ni polepole, na unataka polepole. Relei ya joto ikigandana usiku, mkanda wa wati 40 utaipandisha bia, lakini hautaichemsha. Kifaa cha wati 1,000 kitaipika hamira kabla hujaamka.

Taa ya balbu ndani ya friji ni njia ya bei nafuu ambayo siipendi. Mwanga huvunja viungo vya uchungu vya hopi na kutengeneza harufu mbaya inayojulikana na kila mnywaji wa bia iliyokaa juani. Ukilazimika, funika balbu kabisa ndani ya kopo la chuma, na kopo lisiguse plastiki.

Unyevu hujikusanya ndani ya friji inayowaka kwa nadra. Kikombe cha jeli ya silika au kloridi ya kalsiamu hupunguza kuvu. Boksi la kidhibiti likae nje, juu ya friji, si ndani.

Kukitumia siku kwa siku

Poza maji ya kimea hadi digrii moja au mbili chini ya lengo kabla ya kuweka hamira. Ni rahisi kuiacha bia ipande yenyewe kuliko kuishusha wakati hamira imeshachacharika. Siku tatu za kwanza ndizo za kulinda kuliko zote, kwa sababu ladha nyingi zisizotakiwa hutengenezwa wakati hamira inazaliana.

Kwa ale ya kawaida mpango wangu ni digrii 18 au 19 kwa siku tatu, kisha kupandisha F1 digrii moja kila siku hadi 21, na kuiacha hapo mpaka kipimo cha uzito wa bia (wiani wake unaosomwa kwa haidromita) kisibadilike kwa siku mbili. Joto la mwisho huisaidia hamira kumaliza sukari na kunyonya diasetili, ile ladha ya siagi. Kwa lager anza na 10 hadi 12, subiri robo tatu ya sukari iishe, panda hadi 16 au 18 kwa siku mbili au tatu, kisha teremka taratibu, digrii moja au mbili kwa siku, hadi karibu 2. Hamira ikishushwa ghafla hulala kabla ya kazi kwisha.

Unaposhusha kufikia 2, soketi ya JOTO ichomoe kabisa. Pia angalia kijibomba cha kutolea gesi: bia ikipoa, hewa ndani ya ndoo husinyaa na kuvuta maji ya kijibomba kuingia kwenye bia. Yapunguze maji hayo, au tumia pombe kali isiyo na ladha badala yake.

Mambo yakienda kombo

Skrini ikionyesha EE na kupiga kelele, kihisi kimekatika au kina shoti. Kaza vituo vya 3 na 4 kwanza, ukiwa umechomoa plagi. Relei zote hufunguka katika hali hiyo, kwa hiyo friji na kipashajoto vitakuwa vimezima, na bia itakuwa inaelekea joto la chumba.

Friji na kipashajoto vikipokezana kila saa, pengo ni dogo au kihisi kimewekwa mahali pabaya. Ongeza F2 hadi 1, kagua sponji. Ikishindikana, chomoa kipashajoto: wakati hamira inachachuka kwa nguvu haihitaji kupashwa.

Skrini inasema 19 lakini friji haizimi: gonga relei? Hapana, chomoa friji na uchomeke taa ya majaribio mahali pake. Sikiliza kama relei inalia "tak" unapobadilisha lengo juu na chini. Ikilia na taa ya majaribio haizimi, mguso wake umegandana, na kidhibiti kibadilishwe. Pia angalia kama kihisi hakijadondoka sakafuni mwa friji, jambo linalotokea mara nyingi kuliko relei kufa, kwa sababu tepu huachia kwenye baridi. Ndiyo maana natumia mkanda wa kuzungusha ndoo nzima, na kabla ya kufunga mlango navuta waya wa kihisi kidogo kuona kama umeshika.